Binti wa Pwani: Maisha na Hadithi Fupi za Samira Azzam (1927–1967)

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia maisha na kazi ya Samira Azzam, mwandishi wa hadithi fupi wa Kipalestina aliyezaliwa Akka mwaka 1927 na kufariki akiwa njiani kuelekea Amman mwaka 1967. Hoja kuu ni kwamba Azzam aliuandika ukimbizi kwa kupitia vitu na kazi za kila siku, kama vile gunia la unga, kitambulisho, mkate na saa ya kuamshia. Kwa njia hiyo aliacha kumbukumbu ya kihistoria ambayo ripoti za misaada na hotuba za kisiasa haziwezi kuitoa. Makala yanaeleza kwanza safari ya maisha yake, kisha mchango wa redio katika mtindo wake, halafu yanachambua hadithi zake kadhaa. Mwishoni yanajadili sababu za jina lake kubaki gizani kwa muda mrefu na funzo linalopatikana kwa watafiti na washauri wa sera wanaoshughulikia lugha, fasihi na wakimbizi.

Maneno muhimu: Samira Azzam, hadithi fupi, Palestina, ukimbizi, redio, tafsiri

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya 1940, wasomaji wa gazeti la Filastin lililochapishwa Jaffa walianza kukutana na maandishi yaliyotiwa saini ya lakabu: Fatat al-Sahil, yaani Binti wa Pwani. Aliyejificha nyuma ya lakabu hiyo alikuwa mwalimu kijana wa shule, mzaliwa wa Akka, mji wa kale wenye ngome na bandari katika ukanda wa mashariki wa Bahari ya Mediterania. Kwa msikilizaji wa Kiswahili lakabu hiyo si ngeni. Neno sahil, ambalo wingi wake ni sawahil, ndilo lililozaa jina la lugha ya Kiswahili na la watu wa mwambao wa Afrika Mashariki. Pwani hizi mbili ziko mbali, na historia zake zimepita njia tofauti. Hata hivyo, mwanamke aliyechagua kuitwa kwa jina la pwani yake, kisha akaipoteza pwani hiyo akiwa na umri wa miaka 20, anastahili kusikilizwa na wale ambao lugha yao imebeba jina hilohilo.

Samira Azzam hafahamiki sana nje ya ulimwengu wa Kiarabu. Fasihi ya Kipalestina inapotajwa, majina yanayokuja haraka ni ya Ghassan Kanafani na Mahmoud Darwish. Kanafani naye alizaliwa Akka, mwaka 1936, miaka tisa baada ya Azzam, na alimhesabu Azzam kuwa miongoni mwa waliomfundisha kuandika. Kwa hiyo, swali la kwanza la makala haya ni la kihistoria: alikuwa nani mwanamke huyu, na aliandika nini? Swali la pili linahusu thamani: ni ujuzi gani kuhusu maisha ya wakimbizi unaopatikana katika hadithi zake na usiopatikana kwingineko?

2.0 Kutoka Akka hadi Beirut

Azzam alizaliwa katika familia ya Kikristo ya madhehebu ya Orthodoksi, wakati Palestina ilipokuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Alisoma Akka, na baadaye Haifa katika shule ya watawa. Alipofikia umri wa takriban miaka 16 alianza kufundisha, na kabla ya kuhama alikuwa amepanda hadi kuwa mwalimu mkuu. Ualimu ulimpa kipato chake mwenyewe. Vilevile ulimweka karibu na watoto na kina mama, makundi mawili ambayo hayakukosekana katika hadithi zake.

Mwezi Mei 1948 Akka ilitekwa. Familia ya Azzam, kama Wapalestina wengine zaidi ya 700,000 walioondoka au kufukuzwa makwao katika kipindi hicho, ilivuka mpaka na kuingia Lebanoni. Tukio hilo Waarabu huliita Nakba, yaani janga kuu. Azzam hakuiona Akka tena. Kutoka Lebanoni alikwenda Iraki akafundisha kwa muda katika mji wa Hilla, kisha akaingia kazini redioni. Mwaka 1959 aliolewa na Mpalestina mwenzake, na mwaka huohuo wakalazimika kuondoka Iraki kutokana na misukosuko ya kisiasa. Beirut ndiyo ikawa makao yake hadi mwisho wa maisha.

Akiwa Beirut alifanya kazi mbili kwa pamoja: kuandika hadithi na kutafsiri. Alitafsiri kutoka Kiingereza hadi Kiarabu kazi za waandishi kama Pearl Buck, John Steinbeck na Edith Wharton. Mkusanyo wake wa kwanza wa hadithi, Ashya' Saghira (Vitu Vidogo), ulitoka mwaka 1954. Ulifuatwa na al-Zill al-Kabir (Kivuli Kikubwa) mwaka 1956, Wa-Qisas Ukhra (Na Hadithi Nyingine) mwaka 1960, na al-Sa'a wa-l-Insan (Saa na Mwanadamu) mwaka 1963. Mkusanyo wa tano, al-'Id min al-Nafidha al-Gharbiyya (Sikukuu Kupitia Dirisha la Magharibi), ulichapishwa mwaka 1971 baada ya kifo chake.

Alikuwa pia akiandika riwaya aliyoiita Sinai bila Mipaka. Vita vya Juni 1967 vilipomalizika kwa Waarabu kushindwa, na Sinai yenyewe kutekwa, aliuharibu mswada huo. Tarehe 8 Agosti 1967, akiwa safarini kwa gari kuelekea Amman, alipatwa na mshtuko wa moyo karibu na Jerash na kufariki. Umri wake haukuwa umefika miaka 40. Alizikwa Beirut, naye Kanafani akazungumza katika maziko yake.

3.0 Redio na nidhamu ya sikio

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Azzam alijiunga na Redio ya Mashariki ya Karibu, kituo cha Kiarabu kilichokuwa chini ya Waingereza na kilichorushia matangazo yake kutoka Saiprasi. Huko aliandaa na kuongoza kipindi cha wanawake. Mwaka 1956, Uingereza iliposhiriki katika kuivamia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez, kituo hicho kiligeuzwa waziwazi kuwa sauti ya propaganda ya Waingereza. Watumishi wa Kiarabu walijiuzulu kwa pamoja, na Azzam alikuwa mmoja wao. Baadaye aliendelea na utangazaji Baghdad.

Tukio hilo huelezwa kama ushahidi wa msimamo wake wa kisiasa, na ndivyo lilivyo. Hata hivyo, kwa mwanafasihi redio ina umuhimu mwingine. Mtu anayeandikia redio hujifunza kwamba msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma upya ukurasa uliompita. Jambo lazima lieleweke linaposemwa. Sentensi ndefu iliyojaa mapambo hupotea hewani, na mhusika asiyetambulika kwa maneno yake mwenyewe husahaulika. Nidhamu hiyo inaonekana katika hadithi za Azzam. Huanza karibu kabisa na kiini cha tukio, wahusika wake ni wachache, na mwisho huja pasipo msimulizi kutoa mawaidha. Kwa wakati ambapo maandishi mengi ya Kiarabu kuhusu Palestina yalielemea upande wa hotuba na maombolezo, utulivu huo ulikuwa jambo la kipekee.

4.0 Hadithi na wahusika wake

4.1 Watu wanaotambulika kwa kazi zao

Kipengele kinachojirudia katika hadithi za Azzam ni kwamba wahusika hutambulishwa kwa kazi wanazofanya. Katika "Saa na Mwanadamu", kijana aliyepata ajira yake ya kwanza anategesha saa imwamshe alfajiri ili asikose treni. Kabla saa haijalia, mlango unabishwa. Anayebisha ni mzee Abu Fuad, ambaye kila alfajiri huzunguka nyumba za wafanyakazi wanaosafiri kwa treni na kuwaamsha. Baadaye msomaji anaelewa sababu: mwanawe Fuad alichelewa siku moja, akalikimbilia treni lililokuwa linaondoka, akaanguka chini ya magurudumu yake. Mzee anatembea gizani ili mtoto wa mtu mwingine asikimbie tena kama alivyokimbia wake. Hadithi nzima imejengwa juu ya tofauti baina ya saa, inayoamsha bila kujua inamwamsha nani, na binadamu anayeamsha kwa sababu anajua gharama ya kuchelewa.

Katika "Machozi ya Kuuzwa", mhusika mkuu ni Khazna, mwanamke wa kijijini ambaye riziki yake ni kuongoza maombolezo misibani, na ambaye pia huwapamba maharusi. Anaitwa kwenye vilio na kwenye vifijo, na kotekote analipwa. Msiba unapoingia nyumbani kwake na kumchukua bintiye, Khazna hawezi kulia kama alivyozoea kuwalilia wengine. Azzam hamdhihaki mwanamke huyo, wala hamhukumu kwa kuuza machozi. Anachouliza ni nini kinambakia mtu ambaye jamii imezoea kuitumia huzuni yake kama chombo cha kazi.

Hadithi hizi mbili hazitaji Palestina kwa sauti kubwa. Jambo hilo lina maana. Azzam hakukubali kwamba mwandishi aliyetoka ukimbizini aandike ukimbizi peke yake. Aliandika kuhusu umaskini, uzee, ndoa, ajira na heshima, kisha akauleta msiba wa taifa lake kama sehemu ya maisha hayo.

4.2 Mkate na unga

Hadithi ya "Mkate wa Kafara" imewekwa Akka wakati wa mapigano ya mwaka 1948. Ramiz ni mmoja wa walinzi wa mji, na Suad ni muuguzi wa kujitolea anayependana naye. Walinzi wamezingirwa na wana njaa. Suad anauawa akiwa njiani kuwapelekea mkate, na mkate huo unalowa damu yake. Swali linalobaki mbele ya wapiganaji ni kama mkate ule uliwe au usiliwe. Mwandishi mwingine angeweza kuifanya hadithi hiyo kuwa wimbo wa ushujaa. Azzam anaishikilia palepale kwenye mkate na njaa, ambapo mapenzi, uhai na kinyaa vinakutana katika kitu kimoja kinachoshikika mkononi.

Nafaka inarudi tena katika "Kwa Sababu Anawapenda", hadithi inayowahusu zaidi washauri wa sera. Mhusika wake, Wasfi, ni mtumishi katika ghala la msaada wa chakula kwa wakimbizi. Ugawaji wa unga umewafanya watu waishi, lakini anaona pia jinsi unavyowabadilisha. Mbele ya macho yake anawaona watu waliokuwa na mashamba na kazi wakigeuka kuwa wezi, wapelelezi na waliovunjiwa heshima. Mwishowe analitia moto ghala. Jina la hadithi linatoa sababu: anawapenda.

Ni rahisi kuisoma hadithi hiyo kama wito wa kuchoma maghala, lakini usomaji huo haulingani na matini. Azzam haonyeshi mahali popote kwamba baada ya moto watu watashiba au kurudi makwao. Anachokionyesha ni mwanya baina ya mambo mawili ambayo ripoti za misaada huyachanganya: kumlisha mtu na kumtunza utu wake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwasaidia Wakimbizi wa Kipalestina (UNRWA), lililoundwa mwaka 1949, lilianza kazi kama jambo la muda. Kila mwaka uliopita uliufanya muda huo kuwa hali ya kudumu. Hadithi ya Wasfi iliandikwa na mtu aliyeiona hali hiyo katika miaka yake ya mwanzo, na inatoa kipimo kisichomo katika jedwali la idadi ya magunia: mpokeaji anajionaje anaposimama kwenye foleni? Mtunga sera anayeisoma kwa makini halazimiki kukubaliana na Wasfi. Inatosha aelewe kwamba mtu anaweza kukichukia chakula kinachomwokoa, na kwamba chuki hiyo haitokani na utovu wa shukrani.

4.3 Kitambulisho na lango

Katika "Mpalestina", mwenye duka anayeishi Lebanoni amechoka kuitwa na majirani kwa jina la asili yake badala ya jina lake. Anaamua kununua uraia. Anatoa fedha nyingi ili apate kitambulisho cha Kilebanoni, na kwa muda anaamini kwamba karatasi hiyo imemgeuza kuwa mtu kama watu wengine. Kisha inafichuka kwamba hati aliyoinunua ni ya kughushi. Fedha zimekwenda, na mtaani bado anaitwa Mpalestina. Jina ambalo nyumbani lilikuwa la watu wote, na kwa hiyo halikuwa na haja ya kutajwa, ugenini limemeza jina alilopewa na wazazi wake.

"Mwaka Mwingine" inahamia mpakani. Kati ya mwaka 1949 na 1967 mji wa Yerusalemu uligawanywa, na Lango la Mandelbaum lilikuwa kivuko kikuu baina ya upande wa Yordani na upande wa Israeli. Wakati wa Krismasi baadhi ya Wakristo waliokuwa wamebaki ndani ya Israeli waliruhusiwa kuvuka na kukutana na jamaa zao. Bibi mmoja mzee anasafiri mbali kwenda langoni hapo, akiwa amebeba zawadi, kwa tumaini la kumwona bintiye aliyebaki upande wa pili. Bintiye haji. Msomaji anaachwa na hesabu ya mzee asiyekuwa na hakika kama atauona mwaka mwingine.

Ikisomwa pamoja na hadithi iitwayo "Katika Njia ya Mabwawa ya Sulemani", ambamo mwalimu wa kijijini anakimbia na familia yake na kulazimika kumzika mtoto wake mchanga kando ya njia, hadithi hizi zinachora ramani nzima ya ukimbizi: siku ya kukimbia, miaka ya karatasi, na miaka ya kusubiri langoni. Wanahistoria wa kipindi hicho wanazo nyaraka za mikataba ya kusitisha mapigano na takwimu za kambi. Azzam anaonyesha jinsi mstari uliochorwa katika mikataba hiyo ulivyopita katikati ya familia.

4.4 Wanawake wasiopewa upendeleo

Azzam alikuwa mwanamke aliyejitegemea, mwalimu, mtangazaji na mfasiri, katika mazingira ambayo wanawake wachache walifanya kazi hizo kwa majina yao. Pamoja na hayo, hakuandika hadithi ambamo kila mwanamke ni mwema na kila mwanamume ni mdhalimu. Wanawake wake wanapenda, wanahusudu, wanadanganya, wanavumilia na wakati mwingine wanakosea. Katika "Hikayatuha" (Kisa Chake), mwanamke aliyeangukia ukahaba anamweleza kaka yake, aliyetaka kumuua kwa ajili ya heshima ya familia, jinsi alivyofika alipofika. Anachodai ni kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, na hilo ndilo dai linalozifunga pamoja hadithi zote za Azzam, ziwe za wanawake au za wakimbizi.

5.0 Ukimya baada ya kifo

Kwa nini mwandishi wa kiwango hiki alisahaulika? Sababu tatu zinaweza kutolewa. Ya kwanza ni utanzu. Hadithi fupi huheshimiwa kidogo kuliko riwaya, na riwaya pekee aliyokuwa akiiandika Azzam haikuifikia dunia. Kanafani alichapisha riwaya yake fupi Rijal fi al-Shams (Wanaume Juani) mwaka 1963, mwaka uleule wa Saa na Mwanadamu, na riwaya hiyo ikawa alama ya fasihi nzima ya Kipalestina.

Ya pili ni wakati. Azzam alifariki majuma machache baada ya vita vya Juni 1967, wakati ulimwengu wa Kiarabu ulipokuwa ukielekea kwenye fasihi ya mapambano yenye sauti kali. Hadithi kuhusu mzee anayebisha milango alfajiri zilionekana kuwa za enzi iliyopita. Zaidi ya hayo, mwandishi aliyefariki akiwa na miaka 39 hawezi kujitetea wala kurekebisha taswira yake.

Ya tatu ni tafsiri. Kwa miongo kadhaa hadithi zake zilipatikana kwa lugha za Ulaya mojamoja tu, zikiwa zimetawanyika katika mikusanyo ya waandishi wengi. Ilipofika mwaka 2022 ndipo mkusanyo mzima wa hadithi zake ulipochapishwa kwa Kiingereza, ukiwa umetafsiriwa na Ranya Abdelrahman. Miaka 55 ilikuwa imepita tangu kifo chake. Inashangaza zaidi kwa kuwa Azzam mwenyewe alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwapa wasomaji wa Kiarabu kazi za wengine.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Samira Azzam aliandika historia ya watu wake kwa kuwatazama wakiwa kazini, kwenye foleni, mpakani na misibani. Mtindo wake mfupi, ulionolewa na redio, ulimwezesha kuuliza maswali magumu bila kuyajibu kwa niaba ya msomaji. Hadithi ya ghala la unga inabaki kuwa mfano wa wazi: inampa mtafiti wa ukimbizi ushahidi kuhusu hisia za utu ambao dodoso huupata kwa shida.

Mambo mawili yanafuata kutokana na uchambuzi huu. Kwanza, ipo haja ya kutafsiri hadithi zake kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka Kiarabu. Wasomaji wa Kiswahili wameifahamu kwa vizazi Alfu Lela Ulela, lakini fasihi ya Kiarabu ya karne ya 20 huwafikia kwa nadra, na mara nyingi kwa kupitia Kiingereza. Eneo hili lina wataalamu wa lugha zote mbili, na hadithi fupi ni utanzu unaofaa kuanzia, kwa kuwa unaweza kutafsiriwa, kusomwa redioni na kutumiwa darasani bila gharama kubwa.

Pili, Kiswahili chenyewe ni lugha ya wakimbizi wengi wa Maziwa Makuu. Katika makambi kama Nyarugusu nchini Tanzania, Kiswahili kinatumika kupanga foleni, kutoa matangazo na kujaza fomu. Sera za lugha katika maeneo hayo hazina budi kukiona pia kama lugha ya kutungia. Miaka 19 tu baada ya kuondoka Akka, Azzam alikuwa amefariki, lakini mikusanyo minne ilikuwa imekwisha kutoka. Aliweza kuiandika kwa sababu alikuwa na elimu, kazi, gazeti na redio vilivyotumia lugha yake. Watakaoandika historia ya makambi ya eneo hili kutoka ndani watahitaji vitu hivyohivyo, na huenda baadhi yao wamo darasani leo, wakisubiri mwalimu awape karatasi.